Dkt. Martin Luther: Mtawa Aliyeshindwa Kutubu

Kamati ya Jubilei iliponiomba niandike habari za Dkt. Martin Luther kwa ajili ya kitabu hiki cha miaka 100 ya usharika wetu, nilisita kidogo. Kila aliyepita darasa la Kipaimara amesikia habari za nyundo, mlango wa kanisa na hoja 95. Niliona kama naombwa kuwasimulia watu habari za baba yao. Lakini nilipotafakari zaidi niligundua kwamba liko jambo moja la maisha yake ambalo huwa tunalipita haraka. Kabla hajaitwa Mtengenezaji wa Kanisa, Luther alikuwa mtu aliyeshindwa kutubu. Alijaribu kwa miaka mingi na kwa nguvu zake zote, akashindwa. Habari hiyo ndiyo ninayopenda kuwaandikia, wapendwa Washarika, pamoja na wageni wetu kutoka Dayosisi.

Martin alizaliwa mjini Eisleben, Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Alibatizwa kesho yake, siku ya kumkumbuka Mtakatifu Martin, na ndiyo sababu akapewa jina hilo. Baba yake, Hans, alikuwa mtoto wa mkulima aliyejiinua kwa kazi ya machimbo ya shaba huko Mansfeld. Kama wazazi wengi waliopata shida, alitaka mwanawe asipate shida ile ile. Akaazimia awe mwanasheria. Mwaka 1501 Martin aliingia Chuo Kikuu cha Erfurt, na mwaka 1505 akapata shahada ya uzamili. Tarehe 2 Julai mwaka huo, akirudi chuoni kutoka nyumbani, radi ilipiga karibu naye nje ya kijiji cha Stotternheim. Kwa hofu ya kufa alimwita Mtakatifu Anna amsaidie, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Siku kumi na tano baadaye alibisha hodi kwenye nyumba ya watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino mjini Erfurt. Hans alikasirika sana.

Msomaji na azingatie kwamba kijana huyu hakuingia utawani kwa sababu alikuwa mwovu. Aliingia kwa sababu alimwogopa Mungu, na alidhani kwamba mle ndani angepata njia ya kumridhisha. Aliamka usiku kusali, alifunga siku nyingi, alivumilia baridi. Mwaka 1507 akapewa daraja la upadre. Lakini dhamiri yake haikutulia, na kilichoisumbua zaidi ni kile chumba cha maungamo ambacho kingepaswa kuituliza.

Kanisa la siku zile lilifundisha kwamba kitubio kina sehemu tatu: majuto ya moyo, maungamo mbele ya padre, na malipizi, yaani matendo ya kulipia adhabu iliyobaki. Muumini alitakiwa kuzikumbuka na kuzitaja dhambi zake kubwa zote. Kwa watu wengi utaratibu huo haukuwa mzigo mkubwa. Waliungama mara moja kwa mwaka, wakaendelea na shughuli zao. Luther aliuchukua kwa uzito wote. Je, kama nimesahau moja? Aliungama kwa muda mrefu mno, wakati mwingine, kama alivyosimulia baadaye, kwa saa sita, na akitoka nje alikumbuka nyingine. Tena lilikuwapo swali baya zaidi. Alijiuliza kama majuto yake yalikuwa ya kweli, au alijuta kwa kuwa aliogopa jehanamu tu. Mtu anayejuta kwa kuogopa adhabu anajipenda mwenyewe, na huko kujipenda nako ni dhambi. Basi akawa kama mtu anayejaribu kujitoa matopeni kwa kuvuta nywele zake mwenyewe.

Aliyemsaidia ni mkubwa wake katika shirika, Johann von Staupitz. Mzee huyu alimsikiliza kwa uvumilivu, na nyakati nyingine alichoka naye. Alimwelekeza atazame majeraha ya Kristo badala ya kuendelea kuuchimba moyo wake. Akamfundisha pia jambo ambalo Luther hakulisahau: toba ya kweli haiishii katika kumpenda Mungu kama tuzo la kazi ngumu, huanzia hapo. Mungu hutupenda kwanza, nasi kwa kuguswa na pendo hilo tunaanza kuichukia dhambi. Kisha Staupitz akampa kazi, jambo ambalo sisi wachungaji tungefaa kulikumbuka tunapokutana na roho zilizoelemewa. Alimtaka asome na kufundisha. Tarehe 19 Oktoba 1512 Luther alipata shahada ya udaktari wa theolojia, akawa mwalimu wa Biblia katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, akaanza na Zaburi, kisha Waraka kwa Warumi.

Mwaka 1516 Erasmus alichapisha huko Basel Agano Jipya katika Kigiriki. Katika Biblia ya Kilatini iliyokuwa ikitumika, wito wa Bwana Yesu katika Mathayo 4:17 ulizoeleka kueleweka kana kwamba aliwaagiza watu wafanye kitubio, yaani waende wakatimize yale matendo. Luther alipolitazama neno la Kigiriki aliona kwamba linahusu kugeuka kwa nia ya mtu. Baada ya kulielewa hivyo, alimwandikia Staupitz mwaka 1518 kumweleza jinsi neno lililokuwa chungu kuliko yote katika Maandiko lilivyogeuka kuwa tamu. Sisi wenye Kiswahili tumepata bahati hapa. Neno letu toba limetoka katika Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kurejea. Kutubu ni kurudi. Sijui kama tunaisikia maana hiyo tunapolitamka.

Wakati huo huo mhubiri Johann Tetzel alikuwa akiuza hati za msamaha katika nchi jirani. Mtawala wa Saxony alikuwa amemkataza kuingia katika eneo lake, lakini watu wa Wittenberg walivuka mpaka wakazinunua. Nusu ya fedha ilikwenda Roma kujenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, na nusu ililipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa matajiri wa ukoo wa Fugger. Watu walirudi na karatasi mkononi, wakaona hawana haja tena ya kujuta. Kwa Luther, aliyeteseka miaka mingi akitafuta majuto ya kweli, hilo halikuvumilika. Tarehe 31 Oktoba 1517 alimpelekea Albrecht hoja zake 95. Kama alizipigilia pia mlangoni kwa mkono wake, wanahistoria wanaendelea kubishana, nami nawaachia. Lililo muhimu ni kwamba hoja ya kwanza kabisa haizungumzii fedha wala Papa. Inasema kwamba Kristo alipowaita watu watubu, alitaka maisha yao yote yawe ya toba. Matengenezo ya Kanisa yalianza na sentensi hiyo.

Yaliyofuata yanajulikana: kutengwa na Kanisa mwezi Januari 1521, kusimama mbele ya Kaisari huko Worms mwezi Aprili, kufichwa katika ngome ya Wartburg, na kulitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, lililochapishwa Septemba 1522. Mwaka 1525 alimwoa Katharina von Bora.

Lisilojulikana sana ni kwamba Luther hakuyaacha maungamo. Mwezi Machi 1522 alitoka mafichoni akahubiri Wittenberg siku nane mfululizo, kwa kuwa wenzake walikuwa wakibomoa mambo kwa nguvu. Hubiri la mwisho lilihusu maungamo ya siri. Alikataa yasilazimishwe kwa mtu yeyote, lakini akakiri kwamba yeye mwenyewe asingekubali kunyang'anywa, kwa maana bila hayo angalishashindwa na Shetani zamani. Akaendelea kuungama kwa mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen, miaka yote. Tofauti ilikuwa moja. Zamani alikwenda kuhesabu dhambi zake. Sasa alikwenda kusikia ondoleo. Na alipoandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529, baada ya kuzungukia sharika na kusikitishwa na ujinga aliouona, aliiweka toba ndani ya fundisho la Ubatizo: kila siku mtu wa kale azamishwe, na kila siku mtu mpya afufuke. Tumelikariri hilo sote tukiwa vijana.

Mwaka 1530 wenzake waliwasilisha Ungamo la Augsburg. Ibara ya 12 inataja sehemu mbili za toba, si tatu: majuto, yaani hofu inayoishika dhamiri inapotambua dhambi, na imani inayotokana na Injili na kuamini kwamba dhambi zimesamehewa kwa ajili ya Kristo. Luther alizishika zote mbili kwa nguvu. Kuanzia mwaka 1537, mwanafunzi wake wa zamani Johann Agricola alipofundisha kwamba Sheria haina kazi tena kanisani, Luther alimpinga vikali. Mtu asiyejua kuwa anaumwa hamtafuti tabibu.

Naomba hapa niseme habari yangu. Nilipoanza uchungaji niliijua ibara hiyo kwa moyo, lakini niliitumia nusu. Katika usharika ambao sitautaja niliwasimamisha mbele ya ibada waliotakiwa kurudi kundini. Mara nyingi alikuwa binti aliyepata ujauzito, peke yake, na kijana aliyehusika ameketi kwaya akingoja zamu ya kuimba. Nilisoma maneno ya majuto kwa sauti kubwa. Maneno ya ondoleo niliyasoma kwa haraka, kana kwamba ni ya kufungia tu. Baadhi yao hawakurudi tena kanisani. Nilimfundisha binti yule chumba cha maungamo cha Erfurt, nikidhani namfundisha Wittenberg.

Tusimfanye Luther malaika. Wakulima walipoasi mwaka 1525, aliandika akiwahimiza watawala wawapige bila huruma, na maelfu kwa maelfu waliuawa. Mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno ya chuki ambayo Makanisa ya Kilutheri yameyakataa hadharani. Nao Waanabatisti, waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, walihukumiwa katika Ungamo la Augsburg, tena hata ndani ya ile ibara ya toba. Katika miaka ya 1530 Luther aliunga mkono watawala kuwaadhibu hata kwa kifo. Mtu aliyefundisha kwamba maisha yote ni toba aliyafunga macho yake mahali hapo.

Alifariki Eisleben, mji aliozaliwa, tarehe 18 Februari 1546, akiwa na umri wa miaka 62. Alikuwa amekwenda kuwapatanisha watawala wa Mansfeld waliogombana. Baada ya kifo chake ilikutwa karatasi ndogo aliyoiandika siku chache kabla, ambamo alijiita yeye na sisi sote ombaomba.

Mwezi Julai 2010, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu huko Stuttgart, Ujerumani. Wajumbe walipitisha tamko la kuomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamennonite, warithi wa Waanabatisti, kwa mateso ya karne ya 16 na kwa jinsi yalivyotetewa na wanatheolojia wetu, Luther akiwa mmojawapo. Miaka karibu 500 ilikuwa imepita. Wapo waliouliza kwa nini tuungame dhambi za watu waliokufa. Kwetu Tanzania, ambako Wamennonite wa mkoa wa Mara ni jirani zetu tangu mwaka 1934, swali hilo nimelisikia kwa masikio yangu. Aliyepokea ombi lile kwa niaba ya Wamennonite ni Mwafrika, Askofu Danisa Ndlovu wa Zimbabwe, Rais wa Fungamano lao. Alijibu kwa maneno ya msamaha, kisha akawakabidhi Walutheri beseni la mti, la aina inayotumika katika makanisa yao kwa kuoshana miguu.