Ibn Battuta katika Miji ya Andalusi

Ibn Battuta, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Tanja mwaka 1304. Alitoka kwao akiwa na miaka 21 kwenda kuhiji, safari ikamfikisha hata Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mombasa aliisifu misikiti ya mbao iliyojengwa madhubuti.

Mwaka 1350 alivuka kwenda Andalusi, kusini mwa Hispania. Alianzia Jabal Tarik, akapita Ronda na Marbella, akielekea Málaga. Njiani aliona farasi aliyekufa mtaroni, kisha tenga la samaki limetupwa chini. Akaingiwa na shaka, akasita. Wenzake waliomtangulia walivamiwa na maharamia, kumi wakatekwa, yeye akasalimika.

Alipofika Granada, Sultani Yusuf alikuwa mgonjwa, hawakuonana. Lakini alikutana na mwanachuoni Ibn Juzayy, ambaye baadaye, huko Fez, aliziandika safari zake. Kitabu kikatimia mwaka 1356.

Granada ilitoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1492. Ile misikiti ya mbao ya Mombasa nayo haiko. Twaijua kwa kalamu hiyo. Basi anayekusudia kuizuru Andalusi majira ya machipuko na achukue daftari. Nasi tuliobaki, tangu pwani hata Nyamarambe, tuiandike misikiti yetu ingali imesimama.