Bruno Gutmann na Mantiki ya Uhusika

Bruno Gutmann alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902 akiwa mmisionari wa Kilutheri wa Leipzig, akaanza kazi Mamba, jirani na Marangu. Baadaye alihudumu Masama, na kwa muda mrefu zaidi Moshi ya Kale. Mwaka 1920 aliondoshwa pamoja na Wajerumani wenziwe; akarejea katikati ya miaka ya 1920, akakaa hadi 1938. Alifariki kwao mwaka 1966.

Katika muda huo alikusanya sheria na mafundisho ya jando. Das Recht der Dschagga ilitoka mwaka 1926. Die Stammeslehren der Dschagga, juzuu tatu, kati ya 1932 na 1938. Humo alieleza mregho, fimbo yenye alama za kuchongwa iliyotumiwa kuwafundia vijana.

Kutokana na ushahidi huo, Gutmann alihitimisha kuwa jamii husimama juu ya vifungo vitatu vya asili: ukoo, ujirani na rika. Aidha, alitaka kanisa lijengwe juu ya vifungo hivyo. Hata hivyo, nadharia yake ina mkinzano. Vifungo alivyovihesabu kuwa vya kudumu, kwa kuwa vimo katika maumbile ya binadamu, ndivyo alivyolalamika kuwa vinavunjwa na ustaarabu wa Kizungu. Naye mwenyewe alikuja kuwabadili watu ambao mila zao alitaka zihifadhiwe.

Mkinzano huo una uzito gani? Kwa mujibu wa mantiki ya kawaida, kauli mbili zinazopingana huzaa kauli yoyote ile; hivyo nadharia yenye mkinzano huthibitisha kila kitu, yaani haithibitishi chochote. Mantiki ya uhusika, iliyofafanuliwa na Anderson na Belnap katika kitabu chao cha mwaka 1975, hukataa hatua hiyo. Hitimisho sharti lishirikiane maudhui na misingi yake, na misingi hiyo iwe imetumika kwa kweli katika kulifikia. Mkinzano juu ya vifungo vya asili hauzai lolote kuhusu alama za mregho.

Tofauti hiyo ina maana kwa mtafiti. Mwaka 1986 Sally Falk Moore alionyesha jinsi sheria ya mila ya Kilimanjaro ilivyobadilika pamoja na kahawa, ardhi na utawala. Kwa hiyo dai la udumifu limeanguka. Lililoanguka, hata hivyo, ni hitimisho la Gutmann; kumbukumbu alizoziandika zabaki kupimwa moja moja, kila moja kwa ushahidi unaoihusu.