Bárány: Daktari wa masikio aliyetuzwa Nobel akiwa mateka
DAKTARI Robert Bárány, mzaliwa wa Vienna, Austria, mwaka 1876, alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji walipomlalamikia kizunguzungu. Badala ya kupuuza, aliyatazama macho yao. Yalichezacheza upande mmoja maji yakiwa baridi, na upande wa pili yakiwa na joto kupita la mwili. Hivyo akabuni njia ya kupima kiungo cha sikio la ndani kinachodhibiti mizani ya mwili, ambayo hutumika hadi leo.

Tuzo ya Nobel ya 1914 ilimkuta nchini Urusi, akiwa mateka wa vita. Mwanamfalme Carl wa Uswidi alimtetea, akaachiliwa 1916. Sifa za ugenini hazikumkinga nyumbani: wenzake Vienna walimshutumu kwa kutowataja watafiti waliomtangulia. Akahamia Uppsala, Uswidi, alikofariki Aprili 8, 1936.