Dorothy Hodgkin: Mama aliyeifuata insulini kwa miaka 35

WAGONJWA wa kisukari wanaojidunga insulini kila siku ni wengi, lakini ni wachache miongoni mwao waliowahi kulisikia jina la Dorothy Hodgkin. Si yeye aliyeigundua insulini, kwani hiyo ilipatikana mjini Toronto, Kanada, mnamo 1921. Alichofanya ni kuonyesha umbo lake, atomu baada ya atomu, katika kazi iliyomchukua miaka 35.

Dorothy Crowfoot alizaliwa Mei 12, 1910 jijini Cairo, Misri, ambako babake alikuwa mtumishi katika idara ya elimu. Wazazi wake walihamia Sudan baadaye, huku watoto wakisoma Uingereza. Alipowatembelea mjini Khartoum akiwa na umri wa miaka 13, rafiki wa familia, mwanakemia A.F. Joseph, alimpa vifaa vya kuchunguzia madini. Katika shule yake nchini Uingereza, kemia ilikuwa somo la wavulana. Ni yeye na msichana mmoja tu walioruhusiwa kujiunga nao.

Mnamo 1928 aliingia Chuo cha Somerville, Oxford, na mnamo 1932 akaenda Cambridge kufanya utafiti chini ya John Desmond Bernal. Kazi yao ilikuwa kupitisha eksirei ndani ya fuwele. Miali hiyo ikizigonga atomu hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu. Madoa hayo si picha ya molekuli. Ni lazima yapimwe moja moja, kisha hesabu ndefu zifanywe ili kukadiria mahali ilipo kila atomu. Enzi hizo, hesabu zilifanywa kwa mkono.

Mnamo 1934, Bernal alipata picha ya kwanza bora ya fuwele ya protini, iitwayo pepsini. Siku hiyo Dorothy hakuwepo maabarani. Alikuwa amekwenda kumwona daktari kuhusu maumivu ya mikono yake. Akiwa na miaka 24 tu, alikuwa amepatwa na ugonjwa wa baridi yabisi, ambao ungemkunja vidole na kumsumbua hadi kifo.

Mwaka huo huo alirejea Oxford, akapewa fuwele kidogo za insulini, na mnamo 1935 akapiga picha yake ya kwanza ya protini hiyo. Hakuweza kwenda mbele zaidi. Molekuli moja ya insulini ina atomu 788, na hesabu za wakati huo hazikuumudu wingi huo.

Basi akaiweka kando bila kuisahau, akaanza na vitu vidogo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aligeukia penisilini, yenye atomu 41, na kufikia 1945 alikuwa amelifumbua umbo lake, tofauti na walivyodhani baadhi ya wanakemia mashuhuri. Kisha akaikabili vitamini B12, yenye atomu 181, ambayo hutumika kutibu aina hatari ya upungufu wa damu. Hiyo ilimchukua takriban miaka minane, akisaidiwa na tarakilishi iliyokuwa Marekani, hadi 1956.

Haya yote aliyafanya akiwa mke na mama wa watoto watatu. Mnamo 1937 aliolewa na Thomas Hodgkin, ambaye baadaye alikuwa mwanahistoria wa Afrika. Baada ya kujifungua mtoto wa kwanza, ugonjwa ulizidi hata akashindwa kuwasha swichi kuu ya mtambo wa eksirei. Alitengenezewa wenzo mrefu, kazi ikaendelea.

Mnamo 1964 alitunukiwa Nobel ya Kemia peke yake, akiwa mwanamke wa tatu kuipata baada ya Marie Curie na bintiye, Irène Joliot-Curie. Habari hizo zilimfikia akiwa Ghana, ambako mumewe aliongoza taasisi ya taaluma za Kiafrika. Baadhi ya magazeti ya Uingereza yalimtaja kwanza kama mke na mama wa nyumbani, ndipo yakataja sayansi yake.

Mtu mwingine angepumzika hapo. Dorothy alirudi kwenye insulini. Mnamo 1969, yeye na kundi lake la watafiti vijana walilitangaza umbo lake. Wachina nao walipolifikia umbo hilo kwa juhudi zao, wakati nchi yao ilikuwa imetengwa na nyingi za Magharibi, aliwatembelea na kuueleza ulimwengu ubora wa kazi yao.

Hilo halikuwashangaza waliomfahamu. Marekani ilimnyima viza mnamo 1953 kutokana na misimamo na marafiki zake, lakini hakuacha kuamini kwamba elimu haina mpaka. Kati ya 1976 na 1988 aliliongoza shirika la Pugwash, linalopinga silaha za nyuklia.

Mnamo 1993, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alisafiri hadi Beijing kuhudhuria kongamano la wataalamu wa fuwele. Alifariki Julai 29, 1994 nyumbani kwake Ilmington, akiwa na umri wa miaka 84. Miaka miwili baadaye, insulini ya kwanza iliyorekebishwa ili ifanye kazi haraka mwilini iliidhinishwa. Walioitengeneza walijua sehemu ya kubadilisha kwa sababu umbo la molekuli hiyo lilikuwa limekwisha kuchorwa.