Kivoi wa Kitui: Hasara Ikitokea, Nani Abebe Lawama?

Jumapili iliyopita tulimtazama Daudi baada ya kuhesabu watu. Tauni ilipoanza kuua, hakutafuta ofisa wa kumtupia kosa. Alikiri kwamba kosa ni lake, akaomba watu wake waachiliwe (2 Samueli 24). Baada ya ibada wengi mlinijia na swali moja: Pasta, hiyo inawezekana aje kazini, wakati bosi anataka jina la mtu? Nitajibu kwa maisha ya mzee wa huku kwetu.

Nilisomea biashara chuo kikuu. Tulifundishwa habari za wenye viwanda wa Ulaya na Marekani, lakini hakuna mwalimu aliyetutajia Kivoi wa Kitui. Na huyu alikuwa kiongozi wa kazi ngumu kuliko nyingi tulizozisoma.

Kivoi aliongoza misafara ya biashara katikati ya miaka ya 1800. Wakamba wakati huo ndio walioshika njia ya kutoka bara hadi Mombasa, na pembe za ndovu ndizo zilikuwa mali. Ni zaidi ya kilomita 300, kwa miguu, mzigo begani, na kabla ya kufika pwani kuna jangwa la Taru ambako maji ni shida. Hebu fikiria maswali ya kila siku. Mtu akiugua njiani, mzigo wake abebe nani? Chakula kikipungua, nani apunguziwe? Wawili wakigombana, nani aamue? Ni shida zile zile mnazoniletea kila wiki kutoka maofisini, shuleni na madukani. Tofauti ni kwamba kule kosa liliweza kuua. Watu hawamfuati mtu njia kama hiyo mara kwa mara kama hajulikani kwa kuwarudisha nyumbani.

Simsifu kwa yote. Biashara ya pwani siku hizo ilishikana na utumwa, na hilo tusilifiche. Lakini ukarimu wake tunaujua. Mwaka 1849 mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alitoka Rabai, akapita Kikumbulyu, upande wa Kibwezi, akafika Kitui mwezi wa Novemba. Kivoi alimpokea. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa huko Kitui, Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Jina la nchi yetu limetoka hapo. Vitabu vya shule vilimpa Krapf sifa, ingawa wenyeji wake waliujua mlima huo zamani.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, na Kivoi akamchukua katika safari ya kwenda mto Tana. Hawakuwa mbali na mto waliposhambuliwa na wanyang'anyi. Msafara ulitawanyika, kila mtu njia yake. Kivoi aliuawa pamoja na wachache waliobaki karibu naye. Krapf alikimbia porini peke yake. Alipoufikia mto alikunywa, kisha akajaza maji kwenye ala ya darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, kwa sababu hakuwa na chombo kingine.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonigusa. Krapf alipofika kwa jamaa za Kivoi, akiwa na njaa na amechoka, walimlaumu yeye kwa kifo cha mkubwa wao. Kwao, aliyesafiri na mkubwa alipaswa kumlinda au kufa naye. Maisha yake yakawa hatarini. Alitoroka usiku, akahangaika porini, na mwishowe akafanikiwa kurudi Rabai.

Siwahukumu wale jamaa. Walikuwa na uchungu wa msiba. Lakini angalia vizuri: msafara mzima ulikimbia, na lawama ikaenda kwa mgeni. Hakuwa na ukoo pale wala wa kumtetea. Timu ikipata hasara, lawama haimtafuti mwenye kosa. Inashuka kama maji ya mvua mpaka kwa aliye chini kabisa. Na aliyeweza kuizuia, yule aliyesimama mbele, siku hiyo hakuwepo.

Sasa niseme langu. Kabla ya kuingia huduma nilisimamia stoo ya kampuni moja ya kusambaza bidhaa. Sitaitaja. Siku moja hesabu ilikataa, katoni kadhaa zikakosekana. Bosi alitaka jina kabla ya jioni. Tulikuwa sita. Mmoja alikuwa kijana wa kibarua, mwezi wake wa pili. Sikusema ameiba. Nilisema tu kwamba yeye ndiye mgeni, na nikanyamaza. Alifutwa siku hiyo hiyo.

Wiki mbili baadaye nilipata kosa. Nilikuwa nimeandika mzigo mmoja mara mbili, kwa mkono wangu. Katoni hazikuwahi kupotea kwa sababu hazikuwahi kufika. Nilirekebisha karatasi na sikumwambia mtu. Nikapandishwa cheo. Nikaokoka, nikasoma Biblia, nikawekewa mikono, na bado lile jambo lilikuwa limekaa pale.

Mwezi uliopita nilishuka na barabara ya Kitui kwenda Kibwezi kumtafuta. Sasa ni mwendesha boda, ana mke na watoto wawili. Nilimweleza yote, nikaomba msamaha. Nilidhani tutalia na kukumbatiana kama kwenye ushuhuda. Hapana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nilishamwambia bosi, kwa maana kwa miaka hiyo yote jina lake kule ni la mwizi.

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimeenda kutua mzigo wangu, na wake nimeuacha njiani.

Nilimpigia yule bosi wa zamani nikiwa bado Kibwezi, kijana akisikia. Ilikuwa simu ngumu kuliko mahubiri yoyote. Msamaha wake bado sijaupata, na sidai. Lakini jina lake limesafishwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Wewe unayesimamia watu, iwe ni wawili dukani au hamsini ofisini, jua kwamba hasara itakuja. Siku hiyo usianze na nani. Anza na nini kilitokea, na uanze na kurasa zako mwenyewe. Ukiitwa kwa mkubwa, useme sisi, na pale ni wewe, useme mimi. Na kama kuna mtu aliondoka na lawama yako, usimwombe Mungu pekee msamaha. Mtafute mtu huyo, kisha uende mpaka pale jina lake lilipochafuliwa.

Tuombe: Baba, utupe moyo wa Daudi siku ya hasara. Wale tuliowaacha porini, utuonyeshe njia ya kuwafikia. Katika jina la Yesu, Amina.