Msomaji wa Miaka Mitatu

Soma 2 Timotheo 1:5 na 3:14, 15. Ni nani waliomfundisha Timotheo imani na Maandiko, naye alianza akiwa na umri gani?

Anayepanda gari Buzuruga kwenda Magu huwa na Ghuba ya Speke mkono wake wa kushoto. Kwenye ufuko wa ghuba hiyo, mahali palipoitwa Kageyi, alifika Juni 1878 fundi mitambo kutoka Uskoti, Alexander Mackay, mwenye umri wa miaka 28. Alikuta mizigo ya wamisionari wenzake imetawanyika na mashua yao imeharibika. Wawili kati yao walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba iliyotangulia. Mackay aliitengeneza mashua, akavuka bila silaha kwenda kufanya amani na mtemi Lukonge wa Ukerewe, kisha akaendelea hadi Buganda.

Mtu huyo aliandaliwa nyumbani. Alizaliwa Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, na baba yake, aliyekuwa mchungaji, alimfundisha mwenyewe. Akiwa na miaka mitatu mtoto alilisoma Agano Jipya bila kukwama. Akiwa na miaka saba alisoma vitabu vikubwa vya historia. Baba na mwana walitembea pamoja, na mara kwa mara mzee alisimama, akachora kwa fimbo mchangani njia ya mto Zambezi kama ilivyodhaniwa wakati ule, au akaeleza jambo la hesabu. Majirani walishangaa wakiwaona wameinama njiani. Jioni za Jumapili mama alimsimulia habari za wamisionari, na mtoto alizihesabu kuwa zawadi.

Wapo kati yetu wanaosita hapa, wakikumbuka shauri la kutowahimiza watoto wadogo kukaa darasani. Ni shauri jema. Lakini tuangalie vizuri: Mackay hakuketi kwenye dawati la shule hadi alipokuwa na miaka 14, alipopelekwa Aberdeen. Alijifunza herufi akiwa na wazazi wake, na sehemu kubwa ya masomo yake ilikuwa nje, akitembea. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Tunamkaririsha mtoto fungu la kukariri kila Sabato, naye analisema vizuri mbele ya kanisa, lakini ukimfungulia Biblia hawezi kukuonyesha neno moja la fungu hilo. Tunamngojea mwalimu wa darasa la kwanza.

Kutoka Aberdeen alikwenda Edinburgh kusomea ualimu, kisha uhandisi, na baadaye akafanya kazi Ujerumani. Akiwa huko alisoma gazetini ombi la Stanley la kutaka walimu wa kwenda kwa Kabaka Mutesa, akajitoa. Aliwasili Zanzibar mwaka 1876.

Kule Buganda alichonga herufi za mbao ili apige chapa karatasi za kufundishia. Mwanzoni wanafunzi walisoma Kiswahili, kwa sababu hapakuwa na Injili ya Kiganda. Hiyo yeye na wenzake waliitafsiri baadaye. Vijana wa ikulu walikuja na wazee walikuja, hata Wakristo wakaitwa wasomaji. Jina hilo lilikuwa la hatari. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni waliuawa kwa moto. Mmoja wao, Lugalama, alikuwa bado mtoto. Mackay aliendelea kupiga chapa na kufundisha.

Julai 1887 Kabaka Mwanga alimfukuza. Akavuka ziwa kurudi upande huu wa kusini, akajenga Usambiro, na kazi ya tafsiri na chapa ikaendelea. Mwaka 1889 Stanley alipita hapo na msafara wake, akakuta nyumba ya udongo yenye rafu zilizojaa vitabu. Alikaa karibu majuma matatu, akamsihi waondoke pamoja kwenda pwani, kwa kuwa Mackay alikuwa hajaona nyumbani kwao kwa zaidi ya miaka 13. Alikataa, kwa sababu hapakuwa na wa kushika nafasi yake.

Alikufa kwa malaria hapo Usambiro tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Mwaka 1927 mifupa yake ilichukuliwa kutoka ukanda wetu huu ikazikwa Namirembe, Kampala, miongoni mwa watoto na wajukuu wa wale wasomaji.