Sheikh Ramiya wa Bagamoyo na Daraja za Nafsi

Jua ewe ndugu yangu ya kuwa watu wa tarika wamezitaja daraja saba za nafsi: ammara, yenye kuamrisha maovu, lawwama, yenye kujilaumu, mulhama, yenye kutiwa ilhamu, mutmainna, iliyotulia, radhiya, iliyo radhi na Mola wake, mardhiya, iliyoridhiwa, na kamila, iliyotimia. Mwaka 1969 huko Marekani, Abraham Maslow na wenziwe walitoa jarida la elimu ya nafsi, wakisema kuwa mwanadamu hatimii kwa kushiba na kuheshimiwa tu, bali yako makamo yapitayo nafsi yake. Wamesema kweli, ila wamechelewa.

Nasi tulio huku Mwadui, ambako John Williamson alivumbua almasi mwaka 1940, twaona jinsi marundo ya udongo yanavyooshwa hata likapatikana jiwe moja dogo. Kila nionapo kazi ile humkumbuka mtu mmoja. Kusini yetu ilipita njia ya misafara, itokayo Manyema na Ujiji, ikapita Tabora hata Bagamoyo. Na mtu huyo alikuwa katika wale walioteremshwa pwani hali ya utumwa.

Jina lake ni Yahya bin Abdallah, mashuhuri kwa Sheikh Ramiya. Na nyote mwajua kwa nini wengi waliotoka bara huitwa bin Abdallah. Alitolewa kwao Manyema, mashariki ya Kongo, angali mdogo, akawa mtumwa wa Amir bin Suleiman al-Lamki, mwenye mashamba Bagamoyo. Akichuuza samaki. Kisha akafanya biashara, akapata mali na ardhi yake mwenyewe.

Hapa ndipo wengi husimama. Aliyedharauliwa akipata mali, haja yake ya kwanza ni kuonekana. Nafsi ammara nayo hujua kuvaa joho. Sheikh Ramiya hakuridhika na mali. Aliishika elimu, akasoma kwa Sheikh Abubakar bin Taha al-Jabri, hata akafungua chuo akasomesha, na akawa khalifa wa Kadiria. Watu waliozoea kuulizana nasaba wakasimama safu moja katika zikri yake.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, sala nyuma ya mtumwa yasihi, ijapokuwa aliye huru ni bora. Lakini ada za Mrima zilikuwa kali kuliko fikihi, na mtu aweza kuwa alimu naye bado aitwa kwa asili yake. Nasema wazi: aibu hiyo ilikuwa yetu sisi watu wa pwani, si yake.

Mwaka 1916 Waingereza waliutwaa Bagamoyo kwa Wajerumani, naye akafanywa liwali. Wako wasemao kuwa khalifa hapaswi kukalia kiti cha serikali, na hoja yao ni Imam Ghazali. Naye kweli, mwaka 488 wa Hijria, yaani 1095, alipokuwa mwalimu mkuu wa Nidhamia ya Baghdad, ulimi wake ulifungika asiweze kusomesha, chakula kikamshinda, matabibu wakakata tamaa. Akagawa mali yake, akaenda zake Sham. Lakini wasemao hivyo wamepima watu wawili kwa pishi moja. Imam alipewa heshima kubwa kabla hajatimiza miaka 40, na ugonjwa wake ulikuwa ndani ya heshima hiyo. Basi dawa ilikuwa kuiacha. Sheikh Ramiya alianza hana hata milki ya nafsi yake. Mtu aliyeamrishwa tangu utotoni, akapewa kuamrisha walewale waliomjua akiuza samaki, atafanya nini nao? Kisasi kilikuwa karibu ya mkono wake. Yaliyokuwa moyoni mwake ni baina yake na Mola wake, nami sina ila dhahiri. Na dhahiri ni kuwa uliwali haukumtoa katika chuo wala katika zikri. Kwangu mimi daraja hiyo ilikuwa nzito kuliko ile ya kutoka utumwani.

Alifariki mwaka 1931, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ukhalifa akaushika mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, na watu wa bara na pwani wakaendelea kufika Bagamoyo kwa ziyara.